Hodi ya Nne Kichwani mwa Bibi

Usiku wa jana niliota mashine ya kazini imekuja nyumbani. Imekaa sebuleni, imejaza makochi yote mawili, na inakunywa chai kwa kelele.

"Namkunda," ikasema, "leo zamu yako kuingia."

Sikushangaa. Mimi ni mpiga picha za ubongo hospitalini, na hiyo ndiyo mashine yangu: lile pipa kubwa la sumaku ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake, likagonga na kugonga, kisha sisi tukaona kwenye kioo ni sehemu zipi za ubongo zinazungumza na zipi hazisalimiani. Kilichonishangaza ni kwamba imeingia na viatu ndani, na mama yangu hakusema neno.

"Naingia kichwani mwa nani?"

"Mwa bibi yako. Mwa nani tena?"

Hapo nikakaa chini. Bibi Nakiete alipata kiharusi mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia umepooza, na ana neno moja tu. Ukimwuliza ameamkaje, anajibu "makande." Ukimwuliza jina lake, makande. Daktari alimwuliza leo ni siku gani, akajibu makande, na kwa uso wa mtu mwenye hakika. Wiki tatu za mwanzo tulimpikia makande, mahindi na maharage, mchana na jioni, mpaka alipoirusha sahani ukutani. Tangu hapo harage halijaingia nyumbani kwetu.

Hayo yote nayaweza. Nisichokiweza ni kuamka asubuhi asiniite mke mwenzangu. Tangu nijue kutembea Bibi hajawahi kuniita Namkunda. Mimi ni mke mwenzake, mwizi wa mume wake, na Babu Mcharo, aliyefariki kabla sijaanza shule, ndiye tuliyekuwa tukimgombania kila asubuhi. Daktari Mbwambo, anayetafiti kiharusi hospitalini kwetu, alinionyesha picha za Bibi akaniambia, "Maneno yenyewe yapo. Njia ya kuyafikia ndiyo imekatika." Nikaenda kulia chooni, nikanawa, nikarudi kazini.

"Masharti unayajua," mashine ikasema, ikaweka kikombe chini.

Nayajua, nayasema kila siku. La kwanza, vua chuma chote. Nikavua hereni, saa na kibanio cha nywele.

"Na huo uso."

"Uso gani?"

"Huo wa chuma. Wa kazini. Unaosema pole."

Nikauvua. Ulitoka bila shida, nikauweka kwenye sinia pamoja na funguo. Ukalalamika kwamba sinia lina baridi, nikaufunika kwa leso.

Sasa niko ndani ya pipa, na pipa ni njia ya vumbi inayopanda mlima, migomba huku na huku, jua la saa nne asubuhi. Sharti la pili ni usitikisike, la sivyo picha inajirudia. Kwa hiyo nimesimama wima, na njia ndiyo inayotembea. Napiga chafya, nyumba zote zinakuwa mbilimbili, na mwenye nyumba anatoka kulalamika, naye wawili.

Sharti la tatu: usifikirie chochote, ila usilale. Nikajitahidi sana. Nikafikiria bata. Bata akatokea, akaanza kunifuata.

"Wako huyo?" akauliza mzee mmoja aliyevaa suti iliyonyooshwa kwa pasi.

"Nimemfikiria kwa bahati mbaya."

"Hutokea," akasema.

Mzee huyo alikuwa Tarishi, na kazi yake ni kubeba habari za Bibi kutoka nyumba moja ya ubongo hadi nyingine. Kikapuni mwake niliiona salamu yangu ya jana, "Shikamoo Bibi, pole," bado ya moto. Alikuwa akiipeleka kwenye nyumba ya Maneno ili apate jibu.

"Barabara kuu ilichukuliwa na mafuriko ya mwezi wa tatu," akanieleza, akinionyesha korongo. "Siku hizi nazungukia kwa Mkono wa Kulia."

Mkono wa Kulia alikuwa amelala barazani kwake, anakoroma.

Tukafika kwa Maneno. Tarishi akafunga kifungo cha koti, akasimama mbele ya mlango. "Hodi," akaita. Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi." Kisha akageuka kama askari.

"Hawapo," akasema.

Akavuka njia hadi kwenye kibanda chenye sufuria moja tu motoni, akapakuliwa sahani ya makande, akaanza kuteremka kuelekea mdomoni.

"Mzee, hilo ndilo jibu?"

"Ndicho kilicho tayari. Mtu haendi mdomoni mikono mitupu."

Na hapo hapo, kutoka ndani ya nyumba, nikasikia sauti ya mbali: "Karibu."

"Mzee! Wameitika!"

"Nimepiga hodi tatu. Mstaarabu hapigi ya nne."

"Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu wanaitika ukiwa umeshaondoka?"

"Wao ndio wanaochelewa," akasema, na nikaona ameumia kidogo.

"Basi mimi si mstaarabu," nikamwambia. "Mimi ni mjukuu."

Nikazunguka uani, nikaingia jikoni bila hodi, bata nyuma yangu.

Yalikuwepo! Maneno yote ya Bibi, maelfu, yamekaa mikekani yanachambua maharage ili siku zipite. Jumatatu kakaa na Jumanne. Chumvi anasukwa nywele na Nanasi. Matusi yamekaa pamoja pembeni, yanacheka, mengine sikujua kama Bibi anayo. Aliyekuwa na hali mbaya ni Pole peke yake, kalala chali, miguu imevimba.

"Kila anayekuja kumwona mgonjwa ananiamsha mimi tu," akasema. "Mchungaji, majirani, mjomba wako, wewe. Nimechoka, mwanangu."

Karibu na mafiga, amejifunga kitenge cha Bibi na amenuna, kakaa Mke Mwenzangu. Alikuwa mnene kuliko maneno yote.

"Mbona hutoki?" nikamwuliza.

"Nitoke nimwendee nani? Magoti yananiuma tangu mafuriko. Mpaka nisimame, mgeni keshakwenda zake. Na wewe siku hizi umekuwa wa kunong'ona. Shikamoo, pole, mlango unafungwa. Nani kakwambia mgonjwa hataniwi?"

Uso wa kujibia nilikuwa nimeuacha kwenye sinia. Ni kweli. Mama, mjomba na mimi tulikubaliana tusimchoshe Bibi, na tangu hapo hakuna aliyekaa chumbani mwake zaidi ya dakika moja.

Nikanyoosha mkono, nikachukua harage moja kwenye ungo wake.

"Rudisha."

"La nini? Babu alisema makande yako hayaivi."

Mke Mwenzangu akaweka ungo chini. Akainua goti moja, akainua la pili, akashika kiuno.

"Mwizi!" akapiga yowe, nami nikatoka mbio.

Tunakimbia. Tunakata katikati ya migomba, mahali pasipokuwa na njia, na tukipita nyasi zinalala na njia inabaki. Chumvi katoka na nywele nusu. Jumanne kampita Jumatatu. Matusi yote yako nje, yanashangilia. Tunampita Tarishi, naye anasema, "Jamani, utaratibu!" lakini kikapu chake kinamponyoka na kutufuata, ikabidi naye akimbie, sahani mkononi, makande yanaruka. Mkono wa Kulia anafumbua jicho moja.

"Usitikisike!" mashine inapiga kelele kutoka juu. "Picha inaharibika!" Ila nayo inatikisika kwa kicheko, na kila kitu kimekuwa vinnevinne, pamoja na bata.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilijikuta kwenye kiti kando ya kitanda cha Bibi, nisijue nimefikaje, shingo imekakamaa, kiganja cha kulia nimekifumba kwa nguvu. Nikakifumbua. Kulikuwa na harage moja, jekundu.

Bibi alikuwa macho, ameegemea mto. Alilitazama harage, akanitazama mimi, akanyoosha mkono wa kushoto.

Nikataka kusema pole, nikaukosa ule uso wa kuisemea.

"Sikupi," nikasema kwa sauti kubwa, ya kusikika hadi jikoni. "Babu alisema makande yako hayaivi."

Nikahesabu pumzi zake. Moja. Mbili. Tatu. Mstaarabu hapo angeinuka akaenda kuchemsha uji. Mimi nikakaa.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema. "Harage langu."