Tundu la Sita

Miaka mitatu mizima fundi huyu wa cherehani aliandika barua, mpaka kidole chake kikaota sugu ya kalamu juu ya sugu ya mkasi. Aliandikia magazeti, aliandikia redio, na safari moja alikiandikia hata kiwanda cha sabuni, akiomba jambo lile lile: jamani, mchezo wa kulenga shabaha upo, una wachezaji na una kanuni, na matokeo yake yanastahili angalau mistari miwili chini ya habari za mpira. Wapi. Gazeti moja tu ndilo lililomsikia, nalo likayaweka matokeo kwenye ukurasa wa uhalifu, kichwa cha habari "Wanane wafyatua risasi ukumbini". Kesho yake askari wawili wakaja mbio. Walikuta watu wazima wanane, wengine na miwani, wakitoboa karatasi kwa bunduki za upepo. Askari wakaona haya, wakaomba kujaribu, wakakosa zote.

Klabu yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya maktaba ya mji, na Fundi ndiye aliyekuwa katibu wake. Chumba ni mali ya halmashauri, na halmashauri sasa ilikuwa inakitaka. Jumatatu kamati ingekaa kupitia orodha ya michezo inayotambuliwa, na mchezo usiojulikana kwa watu ungefutwa, chumba kigeuzwe stoo ya viti vibovu. Afisa michezo hakuwa mtu mbaya. Alimwambia tu ukweli bila kuuzungusha.

"Mama, nitautetea vipi mchezo ambao hata jirani yako haujui?"

Neno hilo lilimchoma kuliko afisa alivyodhani, maana jirani kweli haujui, na aliyehakikisha haujui ni mama yake Fundi mwenyewe. Bibi huyo aliishi naye nyumba moja, na tangu siku ya kwanza alipoiona bunduki mezani alisema hicho ni kitu cha wanajeshi na majambazi, na binti yake hakuwa mwanajeshi. Majirani walipouliza Fundi huenda wapi kila jioni na mfuko mrefu begani, Bibi aliwajibu kuwa anasomea ushonaji. Fundi mwenye cherehani tatu na miaka ishirini ya kushona sare za shule, bado anasomea ushonaji. Majirani, kwa adabu zao, wakaacha kuuliza. Na Bibi hakuwahi hata siku moja kumuuliza mwanawe, umepata ngapi leo.

Basi bahati nayo ina siku zake. Ijumaa mvua ilinyesha mpaka uwanja wa mpira ukawa bwawa, mechi ya Jumamosi ikaahirishwa, na redio ya mji ikabaki na saa nzima haina cha kutangaza. Mtangazaji wao wa mpira, ambaye mji mzima ulimwita Baragumu kwa sauti yake, alifungua droo kutafuta chochote akakuta barua thelathini na moja zenye mwandiko mmoja. Jumamosi hiyo klabu ilikuwa inashindana na klabu ya wafanyakazi wa viwandani. Saa nne asubuhi Baragumu alikuwa amesimama mlangoni na waya wake, anamuuliza Fundi afanye nini.

"Unong'one," Fundi alimwambia.

"Mimi?"

"Humu ndani hapigiwi mtu kelele. Mkono ukitikisika kidogo tu, kwisha habari."

Fundi alimpitisha haraka haraka. Mita kumi. Karatasi ya mwisho, risasi tano kwa kila mchezaji. Darubini ndogo kando ya kila mmoja ya kutazamia matundu yake. Na kwa kuwa alijua mtangazaji anahitaji kitu cha kuwapa watu utamu, akamwongezea kwamba mara moja moja, kwa mtu aliyebobea, risasi mbili hupita kwenye tundu moja, na karatasi huonekana kama imepungukiwa. Baragumu alikiandika hicho kwenye kiganja.

Mashindano yakaanza, na Baragumu akanong'ona. Mtu aliyezoea kupasua redio za watu sasa alikuwa anaongea kama aliyeficha mtoto amelala. Dakika ya tano fundi mitambo alimpigia simu kutoka studio kumuuliza kama ametekwa. Lakini huko mjini watu waliongeza sauti za redio zao, wakanyamazishana, wakasogea karibu ili wasikie, na hilo Fundi hakulijua mpaka baadaye.

Alichojua ni kwamba anaongoza. Upande wake wa kulia alisimama Mzee wa klabu ya pili, mpiga chapa wa kiwandani mwenye vidole visivyotoka wino, ambaye hupanga risasi zake kwenye kikopo cha bati na kuhesabu kwa kikopo, hahangaiki na darubini. Fundi alipiga nne, zote zikakaa katikati zikigusana. Ikabaki moja. Hapo Baragumu, kwa raha, akasahau na kupandisha sauti. Fundi akashusha bunduki, akageuka, akamwekea kidole mdomoni. Kisha akageukia mbele tena, akainua, akavuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua. Risasi ilitoka safi. Alijua ni kumi, pointi za katikati kabisa, kabla hajatazama.

Akatazama kwenye darubini. Matundu manne.

Akasogeza darubini upana wa kidole kulia, kwenye karatasi ya Mzee, na pale katikati kabisa likamtazama tundu jipya. Alikuwa amerudi kusimama vibaya, nusu hatua tu, na karatasi zote zinafanana. Kumi safi, kwenye karatasi ya jirani. Wenye mchezo huu wanalijua kosa hilo, na adhabu yake ni sifuri. Mzee naye hakuona kitu. Alitoa risasi yake ya mwisho kikoponi, akapiga, akashusha bunduki kwa amani.

Mwamuzi, mwalimu mstaafu mwenye sauti kavu, alizivuta karatasi kwa kamba. Alitazama ya Fundi, akaigeuza kwenye mwanga. Baragumu akachungulia begani kwake, akahesabu matundu manne, akasoma kiganja chake, na macho yakamtoka.

"Wasikilizaji," akanong'ona, na sasa sauti ilimtetemeka kweli, "nilichokiona sijawahi kukiona. Risasi mbili zimepita tundu moja. Fundi wetu wa sare za shule, risasi mbili, tundu moja."

Chumba kizima kikaguna. Jamani, fikiria mwenyewe. Miaka mitatu ya barua, Jumatatu iko mlangoni, na muujiza unatangazwa mji mzima kwa kinywa ambacho watu wote wanakiamini. Na Fundi hakuwa amesema neno. Hakuhitaji kusema neno. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kanuni ya chumba kile.

Mwamuzi akachukua karatasi ya pili. "Mzee, yako ina sita. Umepiga moja zaidi. Nakukata pointi mbili."

Mzee alitazama kikopo. Akakiinamisha, akakipigapiga chini. "Nilihesabu tano," alisema polepole. "Mbona nilihesabu tano." Akaondoa miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. "Mke wangu ananiambia siku hizi nasahau. Nikawa namkatalia. Labda umefika wakati niache."

Fundi alimsikia, na moyo ukamuuma. Chumba kinaweza kuombwa tena, alijiambia, hata kama hakuamini. Akainua mkono.

"La sita ni langu," alisema. "Nimepiga karatasi ya jirani. Mzee kapiga tano zake, na akili zake ziko timamu. Niandikieni sifuri."

Baragumu alibaki na kipaza sauti hewani, muujiza umemfia mkononi, na redio ikawa kimya sekunde nyingi kuliko redio inavyoruhusiwa. Kisha akamfuata Fundi, akasahau kunong'ona.

"Lakini hakuna aliyekuona."

"Mimi nilijiona."

"Umeshindwa sasa."

"Nimeshindwa," Fundi alikubali, na ajabu ni kwamba kifua kilikuwa kimemfunguka, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. "Nipishe, nina kazi."

"Unakwenda wapi?"

"Kupika chai. Sheria ya hapa, ukipiga karatasi ya jirani unampikia jirani chai, unampelekea kwa mikono miwili. Hata mwenyekiti ameshampikia mtu."

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi na kikopo chake, anacheka peke yake kwa faraja, machozi yanamlenga. "Sukari mbili, mwanangu," alisema. "Na uandike mahali kwamba nina akili timamu, nikamwonyeshe mke wangu."

Fundi akawasha birika la umeme pale pembeni. Aliwaza viti vibovu vikishushwa ngazini mmoja mmoja. Nyuma yake Baragumu, ambaye alibakiwa na dakika ishirini na hana cha kutangaza, alifungua simu za wasikilizaji, zikasikika chumba kizima kwenye spika yake ndogo.

Wa kwanza alikuwa mwuza duka, aliyetaka kujua kama mtu mwenye miwani anaweza kujiunga. Wa pili ni mwalimu wa shule, akauliza kama klabu inapokea wasichana wa miaka kumi na mbili, maana anao sita wanaomsumbua. Wa tatu alisema yeye ni shabiki wa mpira miaka thelathini na hajawahi kumsikia mchezaji akijisemea kosa, akaomba watangazwe kila Jumamosi ili wenziwe wajifunze. Simu zikawa zinagongana. Fundi aliacha chai ikachemka mpaka ikaanza kumwagika.

Kisha ikaingia sauti ya mwanamke mzee, anayeishika simu mbali na sikio.

"Haloo. Nasikika?"

"Unasikika, Bibi. Karibu."

"Mimi si wa kuuliza swali. Mimi ni mama yake huyo aliyeinua mkono."

Birika likamponyoka Fundi, akalidaka kwa kitambaa.

"Kuna majirani zangu wanasikiliza," Bibi aliendelea. "Nasikia redio zao ukutani. Nawaambia hivi. Niliwaambia binti yangu anasomea ushonaji. Si kweli. Ni uongo wangu, yeye hakuujua. Niliona aibu ya bunduki. Leo nimemsikia amesema kosa lake mbele ya mji mzima na lilikuwa halionekani, na mimi langu linaonekana miaka mitatu na sijalisema. Sasa nimelisema. Yule ni mwanangu, anapiga shabaha. Basi, nakata, salio linakwisha."

Fundi alikaa chini, palepale sakafuni, karibu na waya wa birika, akalia kama mtoto mdogo, na klabu mbili zikajifanya zinatazama karatasi ukutani. Mzee alinyanyuka akajimiminia chai yake mwenyewe, akammiminia na yeye, kinyume kabisa na sheria.

Simu ya Fundi mwenyewe iliita hajamaliza kikombe. Alikuwa afisa michezo.

"Mama, Jumatatu usijisumbue na barua nyingine," alisema. "Mwenyekiti wa kamati kanipigia, mkewe anataka kujua mnafungua saa ngapi. Mimi mwenyewe nilikuwa kwa kinyozi, watu wote walinyamaza, kinyozi akaacha kazi na nusu ya kichwa changu. Mchezo unabaki kwenye orodha. Chumba kinabaki chenu. Jumatatu ni kugonga muhuri tu."

"Na viti vibovu?"

"Vitengenezwe," alisema afisa. "Mtahitaji vya watazamaji."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, mfuko wa bunduki begani, na kwa mara ya kwanza hakuushika kama mtu aliyebeba kitambaa. Wanawake wawili wa nyumba ya pili walisimama barazani kwao. Mmoja alimuuliza masomo ya ushonaji yanaendeleaje, wakacheka wote watatu mpaka mwenye mbavu akazishika. Uzito wa miaka mitatu uliisha pale, kwa kicheko.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa ameondoa nguo za wateja mezani, kitu ambacho haruhusiwi kufanya, na mahali pake ameweka birika na kikombe kimoja. Alikuwa amevaa vizuri. Hakumtazama Fundi usoni mara moja.

"Weka huo mfuko mezani," alisema. "Usiufiche nyuma ya mlango."

Fundi akauweka.

Bibi alimimina chai taratibu, asimwage, akaweka sukari, akakoroga. Kisha akakiinua kikombe kwa mikono miwili, kama alivyosikia redioni, akamletea.

"Kunywa," alisema. "Haya niambie, mwanangu. Umepata ngapi leo?"