Chini ya Miaka Kumi na Mitano

Tangazo lilikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Athumani, mkagua tiketi: namba kumi na tano ndani ya duara jekundu, na chini yake, kwa Kiarabu na Kiingereza, onyo kwamba aliye chini ya umri huo haingii, hata akiandamana na mzazi. Nyanchama alilisoma mara mbili. Kisha akamtazama Dana, aliyepakwa wanja na rangi ya midomo, amemshika Chebet mkono.

Mkono huo wa Dana ulikuwa wake yeye kuushika. Asikwambie mtu, Nyanchama alikuwa na wivu, tena wivu wa kumkosesha usingizi. Alifika kufanya kazi ya yaya katika nyumba ile ya Waarabu, mtaa wa Al Mansoura, Dana akiwa bado anatambaa. Ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamfundisha Kiswahili kabla wazazi hawajatanabahi kwamba mtoto wao anaomba maji kwa lugha wasiyoijua. Jina la Nyanchama lilimshinda kulitamka, akamwita Chama, na Chama likabaki. Kila Ijumaa walikuja sinema wawili, wakala bisi pakiti moja. Tangazo la umri likitokea kwenye skrini, Dana huuliza, "Chama, wameandika nini?" Naye humsomea kwa Kiswahili, taratibu, mpaka mwisho.

Halafu mama mwenye nyumba akajifungua tena, akaletwa Chebet asaidie kulea. Msichana wa Eldoret, mdomo mwepesi, simu haimtoki mkononi. Haukupita muda akawa anacheka na Dana jikoni kwa Kiswahili kilekile ambacho Nyanchama alikifundisha neno kwa neno. Akiingia yeye, wananyamaza. Hata leo aliongozana nao kwa sababu tu mama mwenye nyumba alitaka awepo mtu mzima mwenye akili zake. Hiyo ndiyo heshima iliyokuwa imembakia.

"Kitambulisho cha binti?" Athumani aliuliza.

"Amekiacha kwa nyumba, bro," Chebet akadakia. "Lakini ni fifteen. Si unamwona tu?"

Athumani alitabasamu, akamgeukia Nyanchama. "Shikamoo, mama. Wewe nakufahamu miaka yote hii, hujawahi kunidanganya. Binti ametimiza?"

"Chama," Dana alinong'ona. "Tafadhali."

Angetimiza mwezi ujao. Nyanchama aliijua tarehe, na keki alikwisha kuichagua moyoni. Aitikie tu, na Dana angemrukia shingoni palepale. Lakini baada ya hapo? Wangeingia, naye angekaa pembeni akiwasikiliza wawili hao wakinong'onezana gizani.

"Bado," alisema. "Ana kumi na minne."

"Auntie! Mwezi moja tu, kwani ingekucost nini?"

"Sheria sikuiweka mimi, Chebet."

Alijisikia raha, raha mbaya anayoipata mtu aliyesema kweli kwa nia chafu. Athumani alimshukuru kwa uaminifu wake, na shukrani ile ikamchoma. Kisha kijana wa watu akawabadilishia tiketi, akawaelekeza ukumbi wa pili, kwenye filamu ya katuni.

Dana alifuta rangi ya midomo kwa kiganja. Hakulia, wala hakugomba. Alichagua kiti cha ukutani, Chebet akafuata, Nyanchama akaketi mwisho. Bisi zilikuwa mapajani kwa Chebet.

Taa zikazimwa. Tangazo likatokea, safari hii kijani. Nyanchama alingoja aulizwe. Alipoona kimya, aliinama mbele, akaanza mwenyewe kusoma kwa sauti ya chini, "Filamu hii inafaa kwa watu wa rika zote. Mtoto anaweza kuingia bila..."

"Najua kusoma, Nyanchama," alisema Dana, macho yakiwa kwenye skrini.

Jina zima, bila kukosea hata herufi.