Tafsiri ya Hamdun

Tangu mwanetu Nizar afe kwa ajali ya gari kwenye barabara ya Sinaw, alikokwenda kununua mbuzi wa Idi, mume wangu Hamdun hamtaji. Hunisemesha ya lazima tu: gesi imekwisha, nani kapiga simu. Miezi kumi na moja sasa. Mimi nami sikulia. Watu wa mji wetu wa Ibra waliokuja kwenye taazia walisema nina subira. Subira gani? Sikuwa na chochote. Nilikuwa napika, nakula, nalala. Nilikwisha kumwambia dada yangu wa Maskati: asipomtaja mtoto hadi Alhamisi, nahamia kwako moja kwa moja.

Kilichobaki baina yetu kilikuwa filamu za Kijapani. Chaneli moja ya dishi ilizionyesha kila Jumatatu baada ya laasiri, na tafsiri ya Kiarabu chini yake. Mimi nimehamia nchi hii ya Kiarabu ukubwani, nasoma msahafu tu; yale maandishi, kabla sijaunga herufi mbili, yamekwenda zake. Basi Hamdun hunisomea kwa Kiswahili, macho yake kwenye televisheni.

Raha filamu zile hazina. Mtu anarudi kazini, anavua viatu mlangoni, anakaa mkekani kama sisi, anaukodolea macho ukuta. Mkewe anamtilia chai, hasemeshwi. Ningekuwa mimi, chai ile ningemmwagia. Lakini sikukosa hata moja, maana pale ndipo niliposikia sauti ya mume wangu.

Jumatatu ya wiki hiyo alikuwapo Ghadeer, binti wa kaka yangu, aliyezaliwa na kusomeshwa kwa Kiarabu hapa hapa Ibra. Yule Mjapani alikuwa kashika kikombe, midomo ikimcheza. Hamdun akasoma polepole:

"Anasema, mtoto aliniambia kachoka. Akakataa kwenda. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Mke wangu hajui."

Nikajisemea, kumbe hata Wajapani yanawafika. Sikuhisi zaidi ya hapo. Nikainuka kwenda kutia kahawa, Ghadeer akanifuata jikoni.

"Shangazi, wallahi ile maneno haiko pale," akaninong'oneza. "Yule mtu anasema chai imepoa, bas. Mtoto hana."

Nilisimama na dele la kahawa mkononi mpaka mkono ukaniuma. Kisha nikarudi nikakaa karibu na Hamdun kuliko nilivyozoea. Kwenye filamu yule mke alikuwa kainua uso, anasema. Hamdun akafungua kinywa, nikamtangulia.

"Anasema, nilikuwa jikoni," nikasema. "Nilimsikia akikataa. Ningeweza kukwambia umwache alale. Nikanyamaza, nimo katika vitunguu vyangu."

Hamdun hakugeuka. Filamu ikaendelea, mvua ikinyesha kwenye mji wao, maandishi yakipita bila msomaji. Ghadeer alibaki mlangoni, hajui aingie au aondoke.

"Nizar," Hamdun akasema. "Nizar alipokuwa akitoka, alikwambia nini?"

"Kasema nimwekee wali," nikamjibu. "Nikamwekea."