Mali Isiyoshikwa

Kamati ya elimu ya wauza mifugo wa Garissa ilikuwa na wajumbe watano, na fizikia waliyoijua wote kwa pamoja ingeenea kwenye kijiko cha chai na nafasi ya sukari ikabaki. Lakini nauli ya Ilhan, mwanafunzi wa fizikia, ilikuwa mikononi mwao, na ndege ilikuwa inaondoka baada ya siku tatu. Huko Ujerumani alikuwa amepangiwa siku kumi kwenye mashine ya baridi. Akizikosa, zamu yake ingerudi mwaka ujao, na shahada ya uzamivu ingekaa kumngojea.

"Lete hiyo mali tuone," mwenyekiti Abdirizak alikuwa ameagiza kwa simu.

Basi Ilhan akaja kutoka Nairobi, kisanduku mapajani njia nzima. Ndani mlikuwa na kipande kidogo kuliko ukucha: tabaka mbili za oksidi, moja juu ya nyingine, na nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Ilikuwa kazi ya miezi minne.

Siku hiyo joto lilifika nyuzi thelathini na tisa, na feni ya ofisini ilikuwa inalizungusha kwa uaminifu mkubwa. Ilhan akaeleza kwa upole. Oksidi ya chini haipitishi umeme, ya juu nayo haipitishi, ila pale zinapogusana umeme unapita. Angekipoza kipande hadi karibu nyuzi mia mbili na sabini chini ya sifuri, akipashe moto kidogo upande mmoja, kisha apime umeme unaozaliwa na tofauti hiyo ya joto.

"Hiyo baridi," mjumbe mmoja akauliza akijifuta shingo, "huwezi letea sisi kidogo?"

Wakacheka. Ilhan naye akacheka, maana mwombaji hachagui cha kuchekea.

Abdirizak hakucheka. "Mimi miaka thelathini nanunua ngamia. Kitu sijashika na mkono, sinunui."

"Adeer," Ilhan akamwita kwa heshima, kama baba mdogo, "hiyo haishikwi..."

Mzee alikuwa amekwisha kufungua kisanduku. Akabonyeza kwa kidole gumba kama anayetafuta mbavu za mbuzi, akakwaruza kwa ukucha, akatikisa kichwa kitaalamu.

"Imekonda," akatangaza.

Nyaya zote zilikuwa zimekatika, na mkwaruzo umepita katikati. Ilhan akalia palepale mbele ya watu wazima, wala hakuona haya.

"Umeiua, adeer. Nyaya ningezifunga upya. Huo mkwaruzo hauponi."

Qali, mwanamke pekee wa kamati na muuza mbuzi wa siku nyingi, akaweka kikombe chini.

"Abdirizak, kwa soko sheria ni gani? Mtu anapima mnyama, anamvunja mguu?"

Mzee akaangalia dirisha.

"Sema, wallahi."

"Amenunua," akasema.

"Haya, umenunua, na bei ni nauli yake. Msichana atatengeneza ingine, na mwaka ujao atasafiri. Weka sahihi."

Akaweka. Siku kumi za Ilhan zilikuwa zimekwenda na maji, lakini walau safari haikufa.

Wengine wakatoka kwenda kuswali. Abdirizak akabaki na mali yake, sasa ameishika kwa mikono miwili, taratibu kabisa, adabu iliyochelewa dakika kumi tu.

"Ilikuwa nzuri?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, adeer," Ilhan akajibu. "Ilikuwa bado haijapozwa."