Maswali Yaleyale kwa Naila

Sabiha alirudi Dunda kumuuliza Naila maswali yaleyale aliyomuuliza wiki iliyotangulia. Ndivyo utafiti ulivyotaka: kila kijana ahojiwe mara mbili, kisha majibu yalinganishwe ili ijulikane kama dodoso linaaminika. Yakipishana, wa kwanza kulaumiwa ni mhojaji, na lawama Sabiha alikwishashiba.

Naila, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikaa mkekani akiuangalia ukuta.

"Kwa siku unatumia simu muda gani?"

"Situmii."

Sabiha akainua uso. "Wiki iliyopita ulisema masaa matano."

"Wiki iliyopita nilikuwa na simu."

"Haya. Kulala je?"

"Nikishaswali isha tu, nalala. Nifanye nini kingine?"

"Mazoezi?"

"Natembea mpaka jioni. Nikikaa ndani nagombana na mama."

Sabiha akaweka kalamu chini. "Naila, mdogo wangu, usinichezee. Nina nyumba nyingine za kwenda."

"Wewe ndiye uliyenichezea, dada. Uliniambia ni siri, hata mama hatajua. Mama alikuwa nyuma ya pazia."

Siku ile Sabiha alimwomba mama mtu awapishe, naye akaondoka kwa adabu zote. Sasa Sabiha akatoka kwenda uani, akamkuta Bi Mgeni, mama yake Naila, anachambua mchele.

"Mama, samahani. Siku ile ulitusikiliza?"

"Nyumba yangu, pazia langu. Masikio niyapeleke wapi?" Bi Mgeni aliendelea kuchambua. "Na nakushukuru, mwanangu. Kila nikimuuliza ananiambia anasoma. Umekuja wewe, kayasema yote. Simu nimeifungia kabatini. Ukitoka hapa mpitie na jirani yangu Hafidha, ana wawili wamemshinda."

Sabiha alitamani kucheka, akashindwa. Akampigia msimamizi wake, Abdullatif, aliyekuwa ofisini Dar.

"Majibu yamebadilika kwa sababu maisha yake yamebadilika," alimweleza. "Tumeyabadilisha sisi."

"Weka alama kwamba hakuelewa maswali."

"Ameelewa kuliko sisi."

"Sabiha, hilo halina sehemu ya kuandikwa. Maliza, uende kwa mwingine."

Sabiha alikata simu kabla hajasema neno la kujutia. Akarudi kwa Bi Mgeni kumwombea binti yake simu, akaambiwa itatoka matokeo ya mtihani yakitoka. Akaomba tena. Bi Mgeni akamkaribisha chai.

Basi akamchukua Naila, wakavuka barabara, wakakaa kwenye baraza ya duka lililofungwa, mbali na masikio ya mtu yeyote.

"Nisamehe," alisema Sabiha. "Nilikuahidi kitu nisichokuwa na uwezo nacho."

Naila alichezea ncha ya mtandio wake. "Yamebaki mengi?"

"Machache."

"Uliza basi, nikaoshe vyombo."

Sabiha akauliza, Naila akajibu kwa neno mojamoja, pikipiki zikiwapita. La mwisho liliuliza kama mhojiwa angependa kushiriki tena siku nyingine. Naila alikuwa ameshasimama.

Sabiha hakungoja. Aliandika hapana.