Kivuli cha Ndege Uani kwa Dobi

Jumatatu asubuhi mpambe wa Jenerali alileta koti la sherehe kwenye chumba cha kufulia cha bwalo la maofisa, akalitupa mezani na kusema linahitajika kesho yake saa tatu. Nishani zilikuwa bado zimening'inia kifuani. Siku zote mke wa Jenerali ndiye aliyezitoa nyumbani kabla koti halijaletwa, lakini wiki ile alikuwa safarini. Dobi akaanza kuzichomoa moja moja, maana pini zake huchana kitambaa usipoangalia. Ya nne ilipinduka kiganjani mwake. Nyuma yake palichongwa maneno "Kwa ushujaa angani", na tarehe.

Ilikuwa tarehe aliyokufa mumewe. Dobi aliisoma mara tatu, akainakili kwenye karatasi ya sabuni kwa kalamu ya kuwekea nguo alama, kisha akalifua koti na kulipiga pasi kama kawaida.

Mumewe alikuwa seremala. Miaka kumi na minane nyuma, wakati wa vita, ndege moja ya kivita ilipita juu ya mtaa wao saa nne asubuhi, ikaangusha bomu kwenye karakana yake, ikaenda zake. Walikufa watu kumi na wawili, wengi wao wateja waliofuata viti vyao. Ndege iliondoka, kivuli chake kikabaki. Kilijilaza mtaani, pua kwenye kibanda cha fundi viatu, mkia uani kwa dobi, na jua lilipozunguka chenyewe hakikusogea. Watu walikizoea. Walihamisha kamba za nguo, wakawafundisha watoto kwamba kufuata bawa la kushoto ndiyo njia ya mkato ya kwenda shule.

Kila mara rubani wa ndege ile, ambaye mtaa ulimwita Mwewe, alipopandishwa cheo, kivuli kiliongezeka hatua kadhaa. Mtaa ulijua habari zake kabla ya redio. "Mwewe kawa kanali," walisema wakipima kwa miguu, "kafika kwa kinyozi."

Lakini ripoti ya serikali haikutaja ndege. Ilisema vanishi ya seremala ilishika moto kwa uzembe wake mwenyewe. Ukurasa mmoja na nusu, na mhuri. Yaani mtu aliyekuwa akifunika kopo hata akienda kunywa maji! Fundi viatu, aliyempoteza binti yake pale karakanani, hakumpa dobi hata salamu tangu ripoti ilipobandikwa, ingawa yeye mwenyewe alifanya kazi na taa mchana kutwa kwa sababu ya pua ya ndege. Hilo lilimuuma dobi kuliko msiba wenyewe. Kumuua mumewe hakukuwatosha, ilibidi wamsingizie.

Mwezi uliotangulia, Mwewe alipofanywa jenerali, kivuli kiliingia zahanati hadi wodi ya wazazi. Mganga mkuu alilalamika, na Alhamisi ya wiki ile ya koti Jenerali akaja mwenyewe kukikagua. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuwasalimia wagonjwa. Pale juani dereva alikuwa na kivuli, mpambe alikuwa na kivuli, Jenerali hakuwa nacho. Mpambe alijibana ubavuni kwake ili kimoja kiwatoshe wote wawili.

Dobi alitoka uani na ile karatasi ya sabuni.

"Shikamoo, Jenerali."

"Marahaba, mama. Wewe si ndiye unayetufulia?"

"Ndiye mimi. Nishani yako ya nne ina tarehe ya siku aliyokufa mume wangu. Sitaki kingine. Andika tu kwamba ulipita hapa, jina la marehemu lisafishwe."

Jenerali alikitazama kivuli kuanzia mkiani hadi puani, kama mtu anayetazama gari lake la zamani.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," alisema taratibu.

Mpambe akakohoa.

"Ile kazi ilikuwa ya siri, mama," Jenerali aliendelea. "Haikufanyika mahali popote."

"Na hiki je?" Dobi alikanyaga mkia kwa kishindo.

"Kivuli kizuri. Hapa pana ubaridi."

Mpambe aliandika kwenye daftari lake: ubaridi. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumchekea mkubwa. Fundi viatu naye alicheka.

Wiki mbili baadaye barua ya halmashauri ilibandikwa mlangoni kwa dobi. Wataalamu walikuwa wamethibitisha kwamba alama nyeusi iliyoko mtaani ni masizi ya vanishi kutoka karakana ya marehemu. Mjane alitakiwa kuisugua yote, akianzia wodi ya wazazi, ndani ya siku thelathini.

Majirani walikusanyika kusoma. Dobi aliwatazama mmoja mmoja, akingoja japo mtu mmoja aangalie chini. Miguuni pao yalionekana mabawa mawili na makombora yaliyoning'inia chini yake, wazi kabisa kwenye vumbi. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Fundi viatu, aliyesimama katikati ya bawa la kulia, alisoma barua hadi mwisho, akavua miwani, akamsemesha dobi kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minane.

"Haya, sasa wameandika mara mbili," alimwambia. "Utaniomba radhi leo, au unangoja mpaka nife?"