Kopo la KAL 318

Maweu alikuwa chini ya pikapu, akipambana na bolti ya tatu ya breki, pale mkono ulipomdaka kifundo cha mguu na kumvuta nje. Mgongo wake ulichunika kwenye changarawe. Kabla hajainuka, spana ya magurudumu ilimshukia mkono wa kulia. Vidole viwili vikavunjika.

"Bro wangu wamemkata mguu leo, hospitalini huko Kajiado!" Elphas alifoka. "Wewe ndiyo ulitoa breki zake!"

"Sikutoa breki. Nilitoa fyuzi ya ABS."

"Si ndiyo hiyo! Mvua imenyesha, magurudumu yakakwama, Okoth akateleza kwa lami mpaka chini ya lori. Ile kompyuta haingeacha yakwame. Fundi wa mabati wewe!"

Teke likamwingia mbavuni. Maweu akatema damu. Elphas alisema kweli. Lakini hata Okoth, afisa wa kilimo aliyeshinda kwenye barabara za vumbi za Kimana, alikuwa na lake: kwenye changarawe kompyuta iliachia breki kila alipokanyaga, na siku moja nusura aingie katikati ya mbuzi na mchungaji wao. Maweu angeweza kukataa. Hakukataa.

Spana ikainuliwa juu ya kichwa chake.

"Soma kopo kwanza," Maweu alisema. "KAL 318. Hapo kwa rafu."

Kila alichotoa kwenye gari kwa amri ya mwenyewe, Maweu alikiweka kwenye kopo lenye namba ya gari hilo, pamoja na kipande cha katoni alichoandika mwenye gari kwa mkono wake. Elphas alilimwaga. Fyuzi. Kibalbu cha taa ya onyo. Katoni: *Toa yote. Breki nitakanyaga mwenyewe. Okoth.*

Elphas alinguruma, akaipiga rafu kwa spana. Makopo yakamwagika, moja likabingirika hadi kwenye kiatu chake. KAH 702. Gari lake mwenyewe, lile aliloliacha langoni injini ikiwa bado inanguruma. Aliichomoa katoni polepole. *Mimi si mtoto wa kufunzwa breki na kompyuta.* Aliiandika Februari, akicheka, baada ya Okoth kumshauri naye aitoe.

Kila asubuhi, ndani ya gari hilo, alimpeleka binti yake Elsie shule kutoka Tuala.

Akaishusha spana chini.

"Rudisha," akasema. "Rudisha saa hii."

Maweu alijikokota hadi langoni, akazima injini. Fyuzi aliirudisha kwa mkono wa kushoto. Kibalbu kilitaka dashibodi ifunguliwe. Skrubu ikamponyoka, ikamponyoka tena, damu ikidondokea usukani.

"Bila taa hatutajua kama kompyuta imeamka. Gari ilale hapa."

"Na Elsie?"

"Kesho atembee. Wewe uje mapema unishikie bisibisi, mimi mkono sina."

Elphas aliweka funguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu. Maweu akakirudisha kibalbu ndani ya kopo, akalifunika kwa kiganja kilichobaki kizima.